Folda ya Si ya Watu

Mama mkwe wangu alifanya kazi masijala miaka thelathini na mmoja, na kazi hiyo haikumtoka mwilini hata alipostaafu. Nyumbani tunamwita Masijala, mwanzoni kwa kumsengenya, siku hizi hata mbele yake. Kabati lake lina kufuli, kikebe chake cha sindano na nyuzi kina kufuli, na juu ya kila jalada ameandika kwa wino mwekundu: SI YA WATU. Tulipomnunulia kompyuta aliiweka Kiswahili, akafungua akaunti mbili, yake na yangu, kisha akahamishia humo vyeti, hati na kadi za hospitali, vyote ndani ya folda moja yenye jina lilelile. Akaunti yangu sikuwahi kuigusa. Miaka saba nimeishi naye nikijua kwamba hao watu ni mimi, na sitaficha, lilikuwa linaniuma.

Jumanne ile nilimpeleka hospitali amejikunja kwa maumivu. Daktari alisema ni kidole tumbo, kinakaribia kupasuka, na saa saba lazima awe mezani. Hapo ndipo mama akanishika mkono. Alisema alipomzaa mume wangu, kwa upasuaji, alichomwa sindano fulani iliyonusura imuue; pumzi ilikatika, wakahangaika naye mpaka jioni. Jina la dawa hakulikumbuka. Daktari alisema dawa za aina hiyo ziko kadhaa na yeye hawezi kubahatisha, lakini kusubiri nako hawezi. Mama akasema kadi iko kwenye folda. Nenosiri la akaunti yake hakutaka kulitamka mbele ya muuguzi, akaniandikia kwa kalamu kwenye kiganja.

Nilifika nyumbani saa sita na dakika kumi, mkono nimeukunjua njia nzima ili jasho lisifute maandishi. Nenosiri likakubali. Nikabofya folda, na kompyuta ikaniambia: Huna ruhusa ya kufungua folda hii.

Nikabofya tena, labda haikunisikia vizuri. Huna ruhusa. Nikaizima na kuiwasha, dakika nne zikaliwa hivihivi. Nikajaribu kuinakili folda kwenye flashi, ikakataa. Nikajikuta naiambia kwa sauti kwamba mwenye mali ndiye aliyenituma. Nilimpigia fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu, akasema niilete, ataifuta yote na kuianza upya, kazi ya saa mbili tu, kisha akauliza kama ndani kuna kitu cha maana. Nilimkatia simu.

Saa sita na nusu nikampigia muuguzi, akampa mama simu. Nilimuuliza alichokifanya, na sauti yangu haikuwa ya mkwe mwenye adabu. Alijibu taratibu, akivuta pumzi kati ya maneno, kwamba Jumamosi alikuja mtu wa intaneti akaishikashika kompyuta, naye alipoondoka tu, akaifunga folda. Tangu hapo hakuifungua.

"Umeifunga vipi, mama?"

"Bofya kulia, Sifa, kisha Usalama," alisema. "Nikawakataza watu, basi."

"Watu gani?"

"Watu, bibie. Wote."

Muuguzi akachukua simu yake.

Nikabofya kulia, nikaingia Sifa, nikaingia Usalama. Palikuwa na orodha ya majina matatu. La kwanza lilikuwa Kila mtu, na chini yake amepiga tiki kwenye Kataa, kuanzia juu mpaka chini, safi kama daftari la mahudhurio. La pili lilikuwa Masijala, kumbe hilo jina alikuwa amelichukua rasmi, naye ameruhusiwa kila kitu. La tatu lilikuwa Mkwe. Nalo lilikuwa na tiki zote kwenye Ruhusu.

Mume wangu, mwanawe wa pekee, hakuwemo. Nilikuwemo mimi. Nililitazama lile neno, nikasahau saa, na namshukuru Mungu simu ilinguruma mezani ikanizindua. Muuguzi aliuliza nimefika wapi. Wanamwandaa.

Kosa sasa nililiona. Mtu akisema watu wasione, hajihesabu, wala hahesabu wa ndani kwake. Kompyuta haijui kusema hivyo. Ikiambiwa kila mtu, inamhesabu na aliyeiambia, na katazo linazishinda ruhusa zote zilizo chini yake. Mama alikuwa amejifungia nje yeye mwenyewe, na mimi pamoja naye. Lakini folda aliitengeneza yeye, na nilikuwa nimeingia kwa akaunti yake, kwa hiyo amri ya kubadilisha ilikuwa bado mikononi mwake. Nikatoa tiki za Kataa moja baada ya nyingine, nikabofya Sawa.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, faili kwa faili, mia nne na kumi na mbili. Nilisimama. Nikakaa. Saa saba kasoro dakika kumi na mbili folda ikafunguka, na ndani hakuna jina la kitu hata kimoja, namba za masijala tupu. Nikamtukana kidogo, Mungu anisamehe. Kisha nikaona HOSP-UZAZI-1. Kadi iliyogeuka manjano, na jina la dawa limepigiwa mstari mwekundu.

Nikampigia muuguzi, daktari akapokea mwenyewe. Nikamsomea herufi moja moja, kumi na tatu.

"Ndiyo iliyo kwenye bomba la sindano hapa," alisema, akakata simu.

Nililia palepale kwenye kiti, na sijui ni kwa ajili ya ile sindano au ya lile jina la tatu.

Kesho yake, sauti ikiwa bado inamkwaruza, kitu cha kwanza alichouliza mama ni kama nimeifunga tena. Nikamwambia bado, na kwamba alikuwa amejifungia nje mwenyewe, maana kompyuta ikisikia kila mtu inatuhesabu na sisi.

Alikunja uso kama karani aliyeletewa jalada lisilo na namba.

"Basi imekosea," alisema. "Mimi na wewe tangu lini tukawa watu?"