Nilivyomwacha muuza maziwa Garissa aitwe mwizi kwa sababu ya filta yangu ya mathenge

Wakuu, salaam. Hili nimekaa nalo miezi na linanichoma, kwa hivyo nitalisema lilivyo bila kujipendelea.

Mimi ni mtu wa bara, nilitumwa Garissa kutibu mifugo. Tuna boma la ngamia wagonjwa. Ngamia akidungwa antibiotiki, maziwa yake hayauzwi. Yanamwagwa mtaroni pamoja na maji ya kuoshea vyombo.

Basi nikajiona mjanja. Mathenge, ule mti msumbufu, umejaa kila mahali. Nikachoma matawi yake kwenye pipa lililofunikwa, nikapata biochar, yaani makaa ya kuchujia, nikajaza tangi, maji ya mtaro yakapitia humo.

Yalitoka meupe. Nikapiga picha, nikawatumia mabosi. Sifa zikanipanda kichwani.

Makaa hayo hunasa dawa, lakini yakishashiba lazima uyabadilishe. Hilo nilijua. Ila ni kazi chafu, na jua la huku mnalijua. Nikawa nasema kesho.

Jirani na boma kuna mama anauza maziwa, tumwite Halima. Maji yalikuwa shida, akaniuliza kama anaweza kuoshea mitungi kwa yale ya filta.

Nikamwambia, "Chukua tu, mama, ni safi."

Sikuwa nimeyapima hata siku moja.

Wiki haikuisha, susa yake, ile mala ya ngamia, ikakataa kuchacha. Wateja wakamrudishia. Wakadai anachanganya na maziwa ya unga. Mmoja akamwita mwizi mbele ya soko zima.

Mimi nilielewa papo hapo. Dawa iliyobaki mitungini ilikuwa inaua vile vijidudu vinavyochachisha maziwa.

Nikanyamaza, wakuu. Niliogopa mabosi wasikie.

Siku ya nne baada ya hapo meza yake sokoni ikawa tupu. Nikamfuata nyumbani, nikamweleza yote.

"Daktari, wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

Nimezunguka soko nikiwaambia wateja ukweli, na wengine wamemrudia. Siku hizi makaa nabadilisha, na hakuna anayegusa maji kabla hayajapimwa. Nimejifunza kwamba weupe wa maji haukuambii kilichomo, na kwamba uoga wangu ulimuumiza kuliko ile dawa.

Ila kuna swali lake sijalijibu mpaka leo. "Ile siku wananiita mwizi, wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nyuma yake, nimeshika chupa, nangoja maziwa ya chai.

Nyinyi mngemwambia nini?