Ardith Kloster Atafuta Mtu Mmoja

Ardith Kloster hajui kupika, na hapa kwetu hicho ni kilema kikubwa kwa mtu anayependa siasa. Sisemi kwa chuki. Nimewahi kula chakula chake.

Alizaliwa kwenye shamba la mahindi kaskazini mwa mji, mama yake akafa yeye akiwa bado mdogo, akakulia kwa baba na kaka waliokula chochote kilichotoka kwenye kopo. Alipomaliza shule alipata kazi kwenye ghala la nafaka, kupima malori, na yuko hapo mpaka leo. Mimi shule niliiacha njiani, nikaingia kwenye jiko la shule hiyohiyo. Yeye ana mdomo, anakumbuka jina la kila mtu na la mbwa wake. Mimi nina mikono. Kwa miaka mingi siasa tuliifanya hivyo: yeye aongee, mimi nipike.

Watu wa mbali hudhani rais wa Marekani anachaguliwa na televisheni. Hapa Iowa anaanzia kwenye ukumbi wa michezo wa shule, Januari, theluji ikiwa magotini. Kila mgombea wa chama chetu ana pembe yake, na wewe unakwenda kusimama kwenye pembe umtakayo, majirani wote wakikuona. Pembe isiyotimiza idadi inakufa, na watu wake wanahamia nyingine au wanarudi kwao. Hapo ndipo chakula kinapofanya kazi. Watu wanavutwa kwa bakuli la maharagwe ya pilipili na mkate wa mdalasini wa kuchovya humo. Nimeona hotuba nzuri zikishindwa na trei moja iliyotoka oveni.

Wiki nzima kabla ya mkutano huo Ardith alikuwa akishinda jikoni kwangu. Anakaa juu ya kabati, miguu inaning'inia, anataja watu wanaoyumba, mimi nakanda unga. Mume wangu Verlyn anakaa mezani akitucheka, maana yeye ni wa chama kile kingine.

"Pikeni tu," anasema. "Serikali tutaichukua sisi."

"Mtaichukua mkiwa na njaa," Ardith anamjibu.

Walibishana sana wale wawili. Mimi nilidhani wanabishana.

Verlyn alihamia kwa Ardith baada ya mavuno. Majirani waliniletea vyakula kana kwamba nimefiwa. Nilivila, nikarudisha vyombo vimeoshwa.

Mkutano uliofuata, Ardith alikuwa na mgombea aliyeahidi kuzilinda hospitali za miji midogo. Yetu ilikuwa imeshafunga wodi ya wazazi, na sasa walitaka kuifunga yote. Binti yangu Corinne alikuwa mjamzito. Mgombea yule nilimpenda. Nikaenda kusimama pembe ya seneta mmoja ambaye jina lake ilibidi niulize.

Mzee Orville Steffes, mwenyekiti wetu, alihesabu watu pembe kwa pembe.

"Ardith, umepungukiwa mtu mmoja," akatangaza. "Una nusu saa umtafute."

Ukumbi mzima ukanigeukia mimi.

Kawaida Ardith hutuma watu. Safari hii aliivuka sakafu mwenyewe, ameshika trei.

"Twila, mke mwenzio huyo anakuja!" Orville akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko. "Na trei anayo. Kimbia, mama!"

Ardith alisimama mbele yangu. Mikate yake ilikuwa bapa, imekauka kingo. Niliubonyeza mmoja kwa kidole, haukubonyea.

"Umepika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hamira umeitia maji yanayochemka."

"Si maji ya moto ulikuwa unatia wewe?"

"Vuguvugu, Ardith. Umeiua."

"Nilidhani joto likizidi ndiyo inaumuka haraka."

"Verlyn anaila hii?"

"Anachovya kwanza. Kwa muda mrefu."

Nilikaribia kucheka, nikajizuia. Akaiweka trei sakafuni.

"Twila, siwezi kukuomba msamaha hapa mbele za watu."

"Hata kichochoroni usiniombe."

"Basi vuka tu. Unajua yupi atasimama na hospitali. Corinne anajifungua mwezi wa tatu, na barabara ya kwenda mji mkubwa itakuwa barafu tupu. Usinifanyie mimi."

"Na wewe ndiye wa kunitajia mwanangu?"

"Ndiyo, ni mimi. Ningemtuma mtu, ungesema nimekuogopa."

"Ningesema."

"Haya. Nimekuja."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Miguu yangu ilitaka kwenda. Nilimwona akingoja, kidevu juu, kama alivyokuwa akingoja chai jikoni kwangu, na sikwenda. Orville akapiga kengele. Pembe ya Ardith ikafa.

Watu wake walitawanyika, wengine wakachukua makoti wakaenda zao. Ardith alivaa koti lake pia. Kisha badala ya kwenda mlangoni akaja akasimama ubavuni mwangu.

"Nenda pembe ya yule gavana anayegombea," nikamwambia.

"Gavana kafunga hospitali mbili. Huyu wenu angalau hajafunga kitu."

Ikabaki kuchagua mjumbe wa pembe yetu wa kwenda mkutano wa wilaya: Jumamosi nzima kwenye viti vya chuma, unasikiliza wanasheria. Watu wakaanza kukagua viatu vyao. Mkono wa Ardith ukapanda.

"Nitaenda mimi," akasema. "Ila mjue mapema, nitasema habari ya hospitali kabla sijamtaja huyo seneta wenu."

"Kuna anayepinga?" Orville akauliza, na watu wakanigeukia tena.

Ningepinga, wangenisikiliza. Watu hawa nimewalisha, na wengi waliona aibu kwa niaba yangu. Lakini nani angekwenda? Mimi nikipewa kipaza sauti nakauka koo. Nikamfikiria Corinne kwenye barabara ile, tumbo limegusa usukani.

"Sipingi," nikasema. "Ila siku hiyo asipike yeye."

Watu wakacheka. Ardith hakucheka.

"Utapika wewe, Twila?"

"Nitapika. Utakuja kuchukua mlangoni. Ndani huingii."

"Mlangoni," akasema. "Sawa."

Jumamosi hiyo alikuja mapema, gari likiunguruma barabarani na Verlyn ndani yake akitazama mbele. Nilimpa trei mbili zilizofunikwa.

"Sema na habari ya ile wodi ya wazazi," nikamwambia. "Usiisahau."

Nikafunga mlango kabla hajanishukuru.