Kiapo Alichokula Cucu

Nilipokuwa mtoto kule Gitothua, Ruiru, miaka ya tisini, watu waliamini kwamba mama akishika titi lake akaapa, hawezi kufa mpaka kiapo hicho kifunguliwe. Ataugua, atakonda abaki mifupa, lakini roho itakataa kutoka. Nikiwasimulia wapangaji wenzangu hapa Githurai, wanacheka. Mimi sicheki, maana nililelewa ndani ya nyumba ya kiapo kama hicho.

Kilikuwa cha Cucu, mama yake baba yangu. Mama alifariki kabla sijajua kumwita, na Baba aliendesha trekta katika shamba la kahawa, akitoka alfajiri na kurudi amechoka, hana maneno. Kwa hivyo nilikuwa na Cucu tu. Tulilala kitanda kimoja, na jina langu, Wangeci, lilikuwa lake.

Alikuwa na binti mmoja, shangazi yangu, Tata Njoki, ambaye sikuwa nimemwona hata siku moja. Kabla sijazaliwa, Tata alipendana na Musa, fundi wa cherehani wa Majengo, Thika. Akasilimu, wakaoana. Siku aliyokuja kumweleza mama yake alibeba mkate na majani ya chai. Cucu, mtu wa kanisa hasa, alitoka uani majirani wakitazama, akashika titi lake.

"Kwa titi hili ulilonyonya," akasema, "sitakula tena kitu kitokacho mkononi mwako."

Tata aliinama, akauweka mkate chini, akaenda zake. Kutoka Ruiru hadi Thika si mbali. Hakuna aliyekwenda kwa mwenzake tena.

Nikiwa darasa la tatu Cucu alianza kuugua tumbo. Hospitalini walimrudisha nyumbani akae na watu wake. Mchungaji alikuja kumwombea, tukamuaga, na kesho yake akaamka. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Ndipo jirani yetu Mama Kui, aliyeuza mboga pale sokoni Kimbo, akasema na Baba mlangoni, akidhani sisikii.

"Baba Wangeci, huyu mzee amefungwa. Si ulikuwa hapa siku ile? Mlete Njoki. Akimlisha tu, atapumzika."

"Njoki hawezi kuja."

"Kwani umemuuliza?"

Baba akachukua kofia yake, akatoka.

Mimi nilielewa jambo moja: Tata akija, Cucu anakufa. Nikaanza kumwomba Mungu Tata asije. Niliomba nikichota maji, nikiosha vyombo, nikiwa foleni shuleni. Hakuna upweke kama wa mtoto anayeomba kinyume cha nyumba nzima.

Alasiri moja Cucu alitaka kuota jua. Nilikuwa namchana nywele aliposema, "Wangeci, mwambie baba yako akamwite Njoki."

"Wacha, Cucu. Wanasema akija utakufa."

Alicheka, kicheko kikamuuma tumbo. "Nitakufa tu, mama. Si kiapo kinachoniweka. Nikifumba macho namwona akiinama kuweka ule mkate chini. Na unajua, nilikuwa na njaa siku hiyo. Nilikuwa naapa huku naisikia harufu yake."

"Sasa kwa nini hukumwita?"

"Nilingoja aanze yeye. Halafu nikazoea kungoja."

Baba alienda Thika Jumamosi, akarudi peke yake. "Amesema atafikiria," akatuambia. Jumatatu mwanamke mrefu mwenye mtandio alisimama uani kwetu na chupa ya uji, asiingie, asirudi.

"Ni nani huyo?" Cucu akauliza kutoka kitandani.

"Ni mimi, mama."

"Ingia basi. Mlango haujafungwa."

Tata alipiga magoti kando ya kitanda. Cucu aliweka kiganja kifuani. "Kile nilichosema, nimekitema," akasema, akatema mate kidogo pembeni. Kisha akafungua kinywa kama mtoto. Nilishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, nikingoja kifo kiingie. Cucu alimeza uji, akalamba midomo.

"Umeweka sukari nyingi."

Tata alicheka na kulia kwa pamoja.

Hakufa siku hiyo, wala wiki hiyo. Tata alibaki nasi mpaka maharagwe ya Mama Kui yalipotoa maua. Siku moja Cucu alimuuliza Tata watoto wake wanaitwa nani.

"Juma, halafu Halima. Lakini Halima, nyumbani tunamwita Wangeci."

Cucu aligeuka akatazama ukuta. Mabega yalikuwa yakitetemeka. "Woi, Njoki," akasema. "Na sijawahi kumbeba hata siku moja."

Tata alifunga safari mchana huohuo kwenda kuwaleta watoto. Cucu hakuwangoja. Kabla ya jioni, Baba akiwa bado kazini, alinishika mkono, akasema "Wangeci", basi. Niliitika. Mpaka leo sijui alikuwa akimwita nani kati yetu.

Majirani walisema kiapo kimefunguka, roho ikapata njia. Labda. Ninachokumbuka ni kwamba mwisho wake hakulilia shamba, wala miaka zaidi, wala lile jambo alilolisimamia mbele ya majirani. Alimlilia mtoto ambaye hakumbeba.

Kwenye mazishi Halima, msichana wa rika langu, alisimama kando yangu, akaninong'oneza, "Alikuwa mtu wa aina gani?" Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote, na sikuweza kumgawia Cucu hata kidogo.

Sasa Halima ana watoto wakubwa kule Thika, nami naishi peke yangu. Jioni nyingi nampigia simu. Hatuna la maana. Ananiambia kwao mvua imenyesha, namwambia huku bado. Tukimaliza, chumba huwa kimya kuliko mwanzo. Kesho yake napiga tena, na sijali ilikuwa zamu ya nani.