Chujio la Moshi

Nimefanya kazi chini ya wajinga wengi, lakini mkuu wetu wa karakana pale Tabora, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, alikuwa mjinga mwenye cheti. Alikwenda ng'ambo miezi mitatu kusomea magari, akarudi na leso nyeupe na mchoro. Kwa leso aliufunika mdomo wa ekzosi kila Jumatatu asubuhi. Ikitoka nyeusi, dereva anaandikiwa barua. Mchoro ulikuwa wa chujio la moshi.

"Taifa changa haliwezi kutembea huku linakohoa," alituambia. Madereva walipiga makofi. Nami nilipiga, maana aliyenyamaza alionekana.

Malori yetu yalikuwa yamezeeka. Pete za pistoni zimekwisha, nozeli zinamwaga dizeli badala ya kuipuliza, na vipuri havipatikani. Kila fundi alijua moshi ule mweusi unatoka wapi na unatibiwaje. Yeye akaona dawa ni kuuziba mdomo. Niliagizwa nichomelee mikebe ya bati, niijaze wavu wa chuma tabaka kwa tabaka, niifunge kwenye ekzosi kwa boliti mbili. Kisha yeye mwenyewe akapitisha waya na kuubana kwa lakiri ya risasi, kama ile ya mita ya umeme. Atakayeikata ni mhujumu, alisema. Neno hilo siku zile halikuwa la mchezo.

Jumatatu ya kwanza leso ilitoka nyeupe, naye akaitembeza ofisi nzima. Haikufika Ijumaa wavu ukajaa masizi. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Malori yakawa yanachemka kwenye tambarare na kuzimika kwenye vilima ambavyo mtoto angevipanda akiimba. Nilimweleza. Akanijibu kwamba ng'ambo hakuliona tatizo hilo. Kwamba magari ya huko yalikuwa mapya, hilo halikumpitia akilini. Nilimdharau kwa moyo wangu wote, na nikaendelea kumtii.

Mvua zilipokaribia tulitumwa kupeleka mbegu za mahindi kwenye kijiji kipya, mbele ya Ziba. Watu walikuwa wamehamishiwa huko wakati wa kiangazi, akiba wakaiacha nyuma, na mbegu zile ndizo zilizokuwa tegemeo lao la mwaka mzima. Dereva alikuwa mzee mmoja wa kanisa la Moravian, asiyejua kutukana. Mimi nilipanda kama fundi. Tuliifuata njia ya zamani ya misafara, na nina hakika wapagazi wenye pembe za ndovu begani wangetupita.

Kwenye korongo moja la mchanga lori likagoma kabisa. Mzee alishuka, akautazama mkebe.

"Kata huo waya, fundi."

"Nina watoto, mzee wangu. Tuombe ruhusa kwanza."

"Na hao wanaosubiri mbegu, hawana watoto?"

Nilimpa barua mpita njia mwenye baiskeli aipeleke Nzega, mkuu apigiwe simu, tukakaa kusubiri. Siku ya pili mvua ilinyesha mchana kutwa na turubai letu bovu likavuja juu ya magunia. Siku ya tatu jua likawaka juu ya turubai lile lile. Jibu halikuja. Jioni ya siku ya nne mzee alichukua koleo langu bila kuniomba, akakata waya, akafungua boliti mbili, akautupa mkebe kichakani. Ilimchukua muda wa kuvuta sigara moja. Lori likanguruma, likatapika moshi mweusi, likapanda ng'ambo ya korongo kana kwamba halijawahi kukwama.

Wanakijiji waliuona moshi kutoka mbali. Wanawake walitukimbilia njiani wakipiga vigelegele, na wengine walilishika bodi la lori kwa mikono wakati bado linatembea. Nilifungua gunia la kwanza. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya pombe, na punje zilikuwa zimeshikamana. La pili hivyo hivyo. La tatu sikulifungua.

Mama mmoja akachota punje kiganjani, akazinusa, akaniangalia mimi na wala si dereva, kwa kuwa mimi ndiye niliyevaa sare ya serikali.

"Baba, tukizipanda leo leo, zitaota?"

Mzee aligeuka akatazama porini.

"Zitaota, mama," nikasema.

Akawaita wenzake walete majembe.