Hedifoni za Daktari wa Majenereta

Mume wangu haamini mtu yeyote anayeuza kitu. Akienda kununua kitasa, atakifunga na kukifungua mara kumi mbele ya mwenye duka, kisha aombe kingine alinganishe. Kwa hiyo siku aliyosema anataka hedifoni za kuzuia kelele, za kuvaa chini ya helmeti ya pikipiki, nilijua kuna duka litakaloiona kazi. Lakini na mimi nilikuwa na shaka zangu. Mwanamume ambaye mwaka mzima namwita haitiki, leo anatafuta cha kuziba masikio? Nilijiambia, huyu ameona pamba haitoshi.

Yeye ni fundi wa majenereta. Wateja wanamwita Daktari, kwa sababu hagusi spana kabla hajasikiliza. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini anaubana kwenye mfupa wa sikio, anafumba macho, kisha anautaja ugonjwa. Tumekula kwa masikio yale miaka ishirini. Yakifa, tumekwisha, na mwenyewe alilijua hilo.

"Nikifika kwa mteja, upepo wa barabarani bado unavuma kichwani," aliniambia. "Nusu saa nzima injini naisikia kama iko chumba cha pili. Hii helmeti inaniua masikio, na walioitengeneza wanajua."

Kwake hakuna kinachoharibika chenyewe, lazima kuna mtu. Birika letu la filimbi liliungua huku yeye ameketi hatua mbili kutoka jikoni, anasoma gazeti. Akasema halikulia, tumeuziwa bovu. Nikanunua lingine. Mimi na binti yetu tukiongea mezani, anaweka kijiko chini: "Mnanong'ona nini?" Tukimwambia hatunong'oni, anasema tunamteta, na sahani anaiacha nusu. Asubuhi binti anamsindikiza hadi getini, anamwambia neno, na yeye anapunga mkono, "Sawa, sawa," anaondoka. Jioni ananiuliza, "Huyu mtoto siku hizi ananicheka nini?" Siku moja nilichoka, nikamsogelea nikamwambia usoni kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hilo alilisikia vizuri sana.

Jumamosi tulikwenda dukani pamoja. Mlinzi alimzuia mlangoni.

"Mzee, vua helmeti. Humu hatuingii tumefunika uso."

"Nikiivua, hizo hedifoni nitazijaribu na nini?"

Mlinzi alimtazama kama mwizi, na yeye akamtazama mlinzi vivyo hivyo. Ilibidi dada muuzaji aje kuwaamua.

Za kwanza zilikuwa na vijiti vinavyoning'inia nje ya sikio. Alipovuta helmeti kuivaa, sponji yake ya ndani ikazikokota, moja ikabaki sikioni na nyingine ikaangukia shingoni. Za pili zilikuwa na mtambo wa kufuta kelele. Dada akasema kwa sauti ya upole kwamba ndani ya basi au ofisini ni nzuri, ila kwenye pikipiki upepo ukizipiga huenda zenyewe zikaanza kuvuma.

"Anasemaje? Mbona anasemea tumboni?" mume wangu aliniuliza.

Nikamrudia maneno. Akakunja uso. "Muuzaji anayekwambia ubaya wa mali yake ana lake jambo."

Za tatu zilikuwa ndogo, bapa, zenye sponji laini mbele. Dada akamwonyesha: unaiviringisha sponji kwa vidole mpaka iwe nyembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unaiingiza, unasubiri ivimbe. Helmeti ikapita bila kukwama. Akatingisha kichwa, akainama, akarukaruka mbele ya wateja. Hazikutoka.

"Sema kitu," aliniambia.

"Hujatoa taka tangu Jumatatu."

Akatabasamu. "Ndizo hizi."

Hata hivyo alitaka risiti iandikwe kwamba anaweza kuzirudisha kesho yake. Dukani, alisema, kila kitu kinafanya kazi.

Nyumbani akaketi jikoni, hedifoni masikioni na helmeti kichwani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nikateleka birika. Maji yalipochemka filimbi ikalia, ile kali ya kuingia kwenye meno. Binti yetu akaziba masikio kwa vidole. Mume wangu akainua dole gumba.

"Sisikii kitu! Safi kabisa!"

Lakini haamini hata dole gumba lake, akataka kulinganisha. Akavua helmeti, akachomoa hedifoni moja, kisha ya pili. Filimbi inalia. Akanigeukia kwa hasira.

"Sasa mbona mmezima?"

Mvuke ulikuwa unapanda mbele ya macho yake. Binti yetu alikuwa bado na vidole masikioni.

"Baba, linalia," alisema.

Aliangalia vidole vya binti, akaangalia mdomo wa birika, akaniangalia mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akachukua bisibisi yake mezani, akaweka ncha kwenye birika, mpini kwenye mfupa, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko anavyokaa kwenye injini yoyote.

"Maji nayasikia yakichemka," alisema. "Filimbi siisikii."

Nilizima jiko. Niliona haya. Ile methali niliyomtupia usoni ilinirudia mwenyewe, na ilikuwa chungu.

"Kwa hiyo hamkuwa mnanong'ona," alisema.

"Hata siku moja."

Akazichukua hedifoni, akazifuta kwa shati, akazirudisha kwenye kikasha chake taratibu. "Hizi hazirudi dukani," alisema. "Jumatatu tutaenda hospitali, wanipime. Kilichobaki lazima nikilinde." Kisha akamvuta binti yetu karibu, uso kwa uso. "Na pale getini asubuhi, unaniambiaga nini?"

"Nakwambia taa ya nyuma haiwaki."

"Tangu lini?"

"Tangu shule zifunguliwe, Baba."

Hata mimi nilikuwa nimemwambia mara mbili. Alisema sawa, nikadhani ananidharau. Wiki sita amekuwa akirudi na giza kwenye barabara ya malori, na nyuma yake hakuna taa.

Alitoka bila viatu. Tukamfuata uani. Akawasha pikipiki, akabana breki, akatazama mbele kama anavyofanya fundi anayemwachia mtu mwingine kazi ya kuangalia.

"Imewaka?" aliuliza.

Binti yetu alikuwa amesimama nyuma ya pikipiki. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Akazunguka mpaka mbele, akasimama mahali ambapo baba yake angemwona, akatikisa kichwa: haijawaka.