Nondo wa Zambarau kwenye Mnanaa wa Maureen

Siku ya tisa baada ya kutolewa mtoto wa jicho, Wilf Garside alimkuta nondo mdogo kwenye mnanaa wa mkewe, nyuma ya nyumba yao pembezoni mwa Leeds. Akamfunika kwa kikopo cha plastiki. Mabawa yalikuwa ya zambarau, yenye doa la dhahabu.

"Huyu simjui," alisema Wilf, aliyemjua kila nondo wa bustani hiyo.

"Basi kesho jua litachomoza magharibi," alijibu mkewe, Maureen.

Kumpata katika kitabu chake cha nondo hakukuchukua hata dakika. Alikuwa nondo wa mnanaa, wa kawaida kabisa. Ukurasa huohuo alikuwepo mwenzake adimu, wa kahawia. Kwa miaka mingi, kwa macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho, Wilf aliwaona wote wawili kahawia.

Garside ana miaka sabini na tisa na alikuwa fundi wa makochi. Jina lake limechapishwa mara moja tu, katika orodha ya nondo wa kaunti: yule adimu, kwa mara ya kwanza, mwaka 2011, bustani ya W. Garside. Hakuombwa picha. Neno lake lilitosha, na nondo alikwisha kumwachia aruke, kama ilivyo desturi.

Alifungua madaftari alimoandika nondo wake wote. Kahawia, kahawia, kahawia. Hata daftari la nne, kahawia.

"Funga hayo, mzee," alisema Maureen. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Ulivaa soksi moja ya bluu na moja nyeusi kwenye mazishi ya dada yangu. Hukufa."

Wilf alimpigia simu Glenys Pugh, anayetunza kumbukumbu za nondo za kaunti, akamweleza yote.

"Una picha yoyote, Wilf?"

"Sina."

"Hata mmoja uliyemkausha?"

"Niliwaachia wote."

"Basi siwezi kutenganisha wa kweli na wa makosa. Itabidi nifute nondo wote uliowaandika tangu macho yalipoharibika. Yaliharibika lini?"

Daktari alikuwa amemwambia "zamani" tu. Mwaka wowote ambao Wilf angetaja ungekubaliwa.

"Sema elfu mbili na kumi na tano," alinong'ona Maureen mlangoni.

"Tangu elfu mbili na tisa," alisema Wilf.

"Unajua hapo anafutwa hata yule wako wa elfu mbili na kumi na moja," alisema Glenys.

"Najua."

"Na wengine elfu tatu, Wilf."

Wilf akamnyooshea Maureen simu, akageukia ukuta.