Mwana wa Mzee Nahumu

Njia ya kupata kibali cha ukaazi Cresensia aliijua kwa machozi. Marehemu mumewe alitoka ng'ambo ya ziwa, Malawi, na walihangaika wote wawili hadi soli za viatu zikaisha. Tangu hapo, mgeni aliyefika Makambako na familia yake alielekezwa kwenye banda lake la chai. Aliwasaidia, ila moyo wake haukutulia. Gari la serikali likipunguza mwendo pale nje, aliacha kumimina chai akachungulia, kana kwamba mumewe bado yu hai na wamekuja kumchukua.

Ndivyo walivyomjia Marcelino, mpasua mbao wa Matembwe, na mkewe Jasmine, pamoja na watoto wao. Nao walitoka Malawi.

"Ukweli tu," aliwaambia. "Mseme mlikotoka, mlikopitia, na kazi mnayofanya. Mwongo hapewi kibali hata akilia damu. Na mje na mwenyeji wa kuwatambulisha."

Mwenyeji alikuwa mzee Nahumu, aliyewapa kiwanja. Kwa kuwa Marcelino alilima na wanakijiji na kuzika nao, mzee alimpa hata jina la ukoo wake.

Siku ya kwenda ofisi ya uhamiaji Njombe, Cresensia alimsihi mzee: "Baba, ukiulizwa, sema ni mgeni wako."

"Mgeni!" Mzee akacheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe lake limeshalika hadi mpini!"

Ndani, ofisa aliuliza kwa upole, "Mzee, huyu ni nani kwako?"

Nahumu aliitazama ile sare, akaingiwa na hofu. "Mwanangu wa kumzaa. Kazaliwa kwangu, Matembwe."

Cresensia alinyanyuka kitini.

Ofisa akamgeukia Marcelino. "Wewe umeniambia ulizaliwa Malawi. Baba yako anasema Matembwe. Nani mwongo?"

"Sema, mwanangu," Cresensia alinong'ona. "Sema!"

Marcelino aliinamisha kichwa. Atamwitaje mwongo, mbele za watu, mzee aliyempa jina?

"Alivyosema baba, ndivyo," akajibu.

Cresensia alieleza, akarudia, sauti ikamkauka. Ofisa alitikisa kichwa. "Mama, umesikia kwa masikio yako. Anajidai Mtanzania. Hapa hatuzungumzii kibali tena, hili ni kosa."

Marcelino akabaki ndani, chini ya ulinzi.

Nje, mzee Nahumu alijipangusa jasho, ameridhika. "Umeona, mama? Ningesema mgeni, wangemfukuza. Atatoka saa hizi, tuwahi gari."

Cresensia alimkalisha kivulini. Yule mzee alikuwa akitabasamu kama mtoto.

Jasmine, aliyekuwa akingoja nje na kichanga mgongoni, hakuhitaji kuelezwa. Alimshika Cresensia mkono. "Mama, sasa tupite njia ipi?"

Njia zote alizozijua Cresensia zilianza na ukweli, na ukweli ulikuwa umeshakanwa mbele ya serikali, na Marcelino mwenyewe. Hata mumewe hakuwahi kufika pabaya hivi.

"Twende Matembwe, mwanangu," akasema. "Tukawaandae watoto kwa safari ya Malawi."